Typhoon za Oman, makombora ya Kituruki, na jinsi ndege inavyotunguliwa bila kombora

Swali: Naishi Muscat. Tangu Oktoba 2025 habari iliyoko midomoni mwa watu hapa ni Uturuki kuchukua ndege za kivita za Typhoon za Oman. Nina mawili ya kuuliza. Zikifika Uturuki, zitaweza kubeba makombora yaliyotengenezwa na Waturuki wenyewe? Na zikipelekwa kwenye yale mazoezi ya pamoja ya Konya, nani anayeamua kwamba ndege fulani imetunguliwa, ilhali hakuna kombora linalofyatuliwa?

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la pili, maana ukilielewa hilo, la kwanza litakuwa limejijibu nusu.

Mazoezi unayoyazungumzia huitwa Anadolu Kartalı, yaani Tai wa Anatolia. Hufanyika Konya, kwenye kambi kuu ya tatu ya ndege za kivita za Uturuki, na yalianza Juni 2001 kwa kushirikisha Uturuki, Marekani na Israel. Mfano wake ni mazoezi ya Red Flag ya Nevada, ambayo Wamarekani waliianzisha mwaka 1975 baada ya hesabu za vita vya Vietnam kuwaonyesha jambo moja la kutisha: rubani mgeni hufa mapema, katika safari zake chache za kwanza vitani, na akishavuka takriban kumi, uwezekano wake wa kurudi salama hupanda sana. Wakaona ni heri safari hizo kumi azifanye nyumbani, mahali ambapo kufa ni kwenye karatasi.

Orodha ya wageni wa Konya hufuata siasa za Ankara. Mwaka 2009 Uturuki iliizuia Israel kushiriki, na awamu ya kimataifa ikavunjika. Mwaka 2010 Wachina walitua pale na Su-27. Mwaka 2021 walikuwepo Wapakistani na JF-17, Waqatar na Rafale, na Waazerbaijani na MiG-29 pamoja na Su-25. Shika hilo la ndege za mataifa mbalimbali zenye makombora ya mataifa mbalimbali, kwa sababu ndilo linalowapa kazi waamuzi.

Washiriki hugawanywa pande tatu. Buluu ndio washambuliaji, wenye kazi kama vile kulipua uwanja wa ndege au kumwokoa rubani aliyeangushwa. Nyekundu ni adui, mwenye ndege zake na mitambo ya ardhini inayoiga rada za makombora ya kutungulia ndege. Nyeupe ni waamuzi, nao wamekaa ndani ya jengo mbele ya skrini. Juu kabisa huzunguka ndege ya rada, mara nyingi E-7T, ambazo Uturuki inazo nne na makao yake ni hapo hapo Konya.

Sasa tuitazame ndege yenyewe. F-16, ndege ya kivita ambayo Uturuki inaitegemea, ina sehemu tisa za kutundikia vitu, mbili kati yake zikiwa kwenye ncha za mabawa. Siku ya mazoezi, ncha moja huwekwa podi nyembamba yenye umbo la kombora la Sidewinder, ila ndani haina injini wala baruti. Ina kipokezi cha GPS, vipimo vya mwendo na redio. Mfumo huu huitwa ACMI. Mara kadhaa kila sekunde podi hueleza ndege iko wapi, kimo gani, kasi gani, imeelekeza pua wapi, na rubani amebonyeza nini. Habari hizo zote humiminika kwenye skrini za weupe.

Ncha ya pili, au chini ya bawa, hutundikwa kombora la mafunzo. Sidewinder ya mafunzo ina jicho halisi la kunusa joto, hivyo rubani husikia masikioni mlio uleule ambao angeusikia vitani jicho linapoikamata injini ya adui. Lakini haina injini ya roketi. Hata swichi zote zikikosewa, haiwezi kuondoka. Ukiona picha ya ndege mazoezini, angalia mikanda ya rangi kwenye mwili wa kombora: buluu maana yake ni la mafunzo, njano ni baruti ya mlipuko, kahawia ni injini ya roketi iliyojaa. Kombora lenye mkanda wa njano na wa kahawia si la mchezo.

Kwenye F-16 kuna kinga nyingine, swichi kuu ya silaha yenye nafasi tatu: imezimwa, kuigiza, na silaha hai. Ikiwa kwenye kuigiza, kompyuta humwonyesha rubani alama zote za kufyatua na kurekodi kila kitu, lakini umeme wa kuachia silaha haufiki kwenye pailoni, yaani kishikio kinachobeba silaha.

Kwa nini tahadhari zote hizo? Agosti 2018 Typhoon ya Hispania, ikiwa kwenye mafunzo juu ya Estonia, ilifyatua kwa bahati mbaya kombora hai la AMRAAM. Ndege ilitoka kwenye kikosi cha ulinzi wa anga wa nchi za Baltiki, kinachobeba silaha hai kwa sababu ndiyo kazi yake, ikatumiwa kwa mazoezi bila kuvuliwa makombora. Hakuna aliyeumia, na kombora halikupatikana. Kuchanganya ndege za zamu na ndege za mazoezi ni kosa la upangaji kabla halijawa kosa la kidole cha rubani.

Haya, "vita" vimeanza. Rubani wa buluu anaona shabaha kwenye rada, kilomita 40 mbele. Anabonyeza kitufe na kutamka redioni "Fox Three", neno la kawaida la kutangaza kombora linalojiongoza kwa rada yake lenyewe. "Fox Two" ni la joto. Podi inatuma habari ya kubonyezwa, na kompyuta ya weupe "inalirusha" kombora la hesabu tangu hapo: kasi na kimo cha mfyatuaji, pembe ya shabaha, muda wa injini kuwaka, ukinzani wa hewa. Injini ya kombora la aina hii huwaka kwa sekunde chache tu, na baada ya hapo kombora ni jiwe lenye akili. Linaendelea kwa kasi iliyobaki, na kila linapogeuka linaipunguza.

Ndege mbili zikielekeana, kombora la umbali huo huchukua takriban nusu dakika kufika, na kwenye hewa nzito ya chini huchukua zaidi. Katika nusu dakika hiyo mfyatuaji hawezi kugeuka akakimbia. Lazima rada yake iendelee kulilisha kombora habari mpaka rada ndogo ya kombora iwake yenyewe, karibu na mwisho wa safari. Kwa hiyo hugeuza pua pembeni kadiri rada inavyoruhusu, shabaha ikabaki ukingoni mwa upeo wake, ili asimkaribie adui haraka. Anayefyatuliwa naye huigeuza ndege ikae mraba, digrii 90 na mstari wa rada. Rada ya Doppler hutofautisha ndege na ardhi kwa kasi ya kukaribia au kuondoka. Ukikaa mraba, kasi hiyo inakuwa karibu sifuri, na kwa rada unafanana na kilima. Akiweza kushikilia pembe hiyo kwa sekunde za kutosha huku akishuka, kompyuta itaandika kwamba kombora limekosa. Akikawia sekunde tano, mwamuzi hutaja jina lake la redioni na neno moja: amekufa.

"Maiti" haibaki uwanjani. Hutoka kwa njia na kimo kilichopangwa. Wekundu wakishafika sehemu maalumu nyuma huruhusiwa kufufuka na kurudi kama ndege mpya, ili wachache waonekane wengi. Buluu kwa kawaida hafufuki katika safari hiyo. Anarudi Konya akiwa na muda mrefu wa kufikiria alichokosea.

Sheria za usalama ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Kwa kanuni zilizozoeleka katika mazoezi ya namna hii, kila ndege huhesabiwa kuzungukwa na tufe la futi 500, yaani mita 150 hivi, ambalo haliingiliwi. Kabla marubani hawajaonana kwa macho, hutenganishwa kwa kimo: buluu wana vimo vyao, wekundu vyao. Kushambuliana kwa mzinga uso kwa uso ni marufuku. Kuna sakafu ya kimo pia, na anayeivunja kwenye mapambano ya karibu anahesabiwa amegonga ardhi. Mtu yeyote, hata rubani mdogo kuliko wote, akisema redioni "Knock it off", kila mmoja husawazisha mabawa na mchezo unakoma.

Mafuta ndiyo huua wengi kuliko wekundu. F-16 hubeba ndani takriban tani 3.2. Karibu na usawa wa bahari, injini ikiwa kwenye moto wa ziada, akiba hiyo yote inaweza kwisha chini ya dakika kumi. Juu zaidi hali ni nafuu, lakini Konya ina lake: uwanja uko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na joto la Juni huifanya hewa kuwa nyepesi. Ndege nzito hutumia njia ndefu zaidi ya kurukia na hupanda polepole. Timu ngeni ikipanga mzigo kwa hesabu za uwanja wake wa nyumbani ulio ufukweni, itagundua tatizo mwishoni mwa njia ya kurukia, mahali pabaya pa kugundulia mambo.

Turudi kwa mwamuzi, kwa sababu hapa ndipo penye uzito. Hukumu yake haitoki kwenye kombora. Inatoka kwenye jedwali la kombora lililowekwa ndani ya kompyuta. Nchi gani iko tayari kumpa mwenyeji jedwali la kweli la kombora lake? Hakuna. Kwa hiyo mazoezi ya mataifa mengi hutumia makombora ya kukisia: umbali fulani, uwezekano fulani wa kupiga, uliokubaliwa mezani kabla ya ndege kuwasha injini. Meteor, kombora la Ulaya la masafa marefu, kwa mfano, haina injini ya kuwaka sekunde chache kisha kuzimika. Hupumua hewa, na hupunguza au kuongeza nguvu njiani, hivyo hufika mwisho wa safari ikiwa bado na msuli. Ukiiingiza kwenye jedwali la kombora la kawaida umeidhulumu. Ukiingiza namba zake halisi umefichua siri. Gökdoğan ya Waturuki, kombora lao la kuongozwa na rada, nayo iko kwenye mtego huohuo: si busara Uturuki kuitumia kwa namba za kweli mbele ya wageni.

Ziko hitilafu ndogondogo pia. Podi isiposajiliwa sawasawa na namba ya ndege asubuhi, rubani hupiga "Fox" tano na kompyuta haioni hata moja. Marubani wawili wakifyatuliana kwa tofauti ya sekunde mbili, wa kwanza hudai ameshinda, lakini kombora la pili lilikuwa limeshawasha rada yake na halihitaji tena mwenyewe awe hai, kwa hiyo wote wamekufa. Kuvuruga rada kwa umeme huigwa vibaya zaidi ya yote: podi ya ACMI inajua ndege iko wapi kwa GPS hata kama rada ya adui imepofushwa kabisa. Ndiyo maana hukumu ya mwisho hutolewa kwenye kikao cha tathmini baada ya kutua, ambapo rekodi za chumba cha rubani huwekwa sambamba na mchoro wa ACMI, sekunde kwa sekunde. Kikao hicho kinaweza kuwa kirefu kuliko safari yenyewe, na rubani anayejua kazi yake huja Konya kwa ajili ya kikao hicho.

Sasa Typhoon zenu. Mwishoni mwa Oktoba 2025 Uturuki ilitia saini na Uingereza mkataba wa Typhoon mpya 20, na Waziri wa Ulinzi Yaşar Güler akaeleza mpango wa kupata 12 zaidi kutoka Qatar na 12 kutoka Oman. Kabla ya hapo ilibidi Ujerumani ikubali, na ilikubali Julai 2025, kwa sababu Typhoon ni mali ya nchi nne: Uingereza, Ujerumani, Italia na Hispania. Sababu ya Uturuki kuzitaka inajulikana. Ilitarajia ndege mia moja za F-35 za Kimarekani, lakini ilipopokea mitambo ya S-400 ya Urusi ya kutungulia ndege Julai 2019, Marekani iliitoa kwenye mpango siku chache baadaye. Kikosi kikaendelea kutegemea F-16 zilizoanza kuingia mwaka 1987 na F-4E za kizazi cha babu, zilizofanyiwa ukarabati mkubwa na Waisraeli. KAAN, ndege yao wenyewe, iliruka kwa mara ya kwanza Februari 2024, na bado ina safari ndefu.

Je, zitabeba makombora ya Kituruki? Kutundika, zinaweza kutundika. Kufyatua, hapana, mpaka kazi ndefu ifanyike. Watu wengi huchukulia ndege kama lori: mzigo ukienea, umeenea. Kuenea ndiyo sehemu rahisi. Vishikio vya mabomu hufuata vipimo vya pamoja, inchi 14 kati ya kishikio na kishikio kwa bomu jepesi kama Mk 82, na inchi 30 kwa zito kama Mk 84. Plagi za umeme nazo zina kiwango kimoja cha NATO. Fundi wa silaha anaweza kuifunga HGK, ambayo ni Mk 84 iliyofungwa mkia wa kuongozwa na GPS, kwenye pailoni inayofaa bila shida.

Shida huanza bawa linapopata upepo. Kila mzigo hubadilisha mtikisiko wa bawa, na kwa kasi fulani mtikisiko huo hukua badala ya kutulia, na bawa likavunjika. Kisha kuna kuachia: hewa chini ya ndege haiendi sawasawa, na kitu chepesi chenye mabawa yake, kama bomu la KGK linalofungua mabawa na kunyiririka mbali, kinaweza kuinuka badala ya kuanguka, kikaupiga mkia wa aliyekiachia. Hivyo hufanywa majaribio kwenye handaki la upepo, kisha safari za kubeba tu, kisha kuachia vitu visivyo na baruti huku kamera za kasi zikipiga picha, kasi moja baada ya nyingine, kimo kimoja baada ya kingine.

Hata hayo yakipita, umebaki na kompyuta. Kabla ya kuachiwa, silaha inahitaji kuambiwa ilipo, inakokwenda, na vipimo vyake vya mwendo vilinganishwe na vya ndege. Kombora la SOM, lenye kichwa cha mlipuko cha kilo 230 na masafa ya zaidi ya kilomita 250, hupewa njia nzima ya kupita. Kompyuta ya ndege isiyolitambua kombora huona pailoni tupu, au huandika hitilafu na kukataa. Programu hiyo iko mikononi mwa watengenezaji, na kubadilisha mstari mmoja hudai idhini, majaribio na fedha. Chukua Meteor tena. Nchi zote nne zinazotengeneza Typhoon zimo kati ya zilizoitengeneza, na bado iliingia kazini kwenye Gripen ya Uswidi mwaka 2016, zaidi ya miaka miwili kabla ya Typhoon za Uingereza, Desemba 2018. Kama mwenye nyumba alisubiri hivyo, mpangaji asubiri zaidi.

Waturuki wanalijua hili vizuri. Ndiyo sababu ya mradi wa Özgür, neno lenye maana ya "huru": F-16 za zamani za Block 30 zinang'olewa kompyuta ya Kimarekani na kuwekewa ya Kituruki, ili Gökdoğan na Bozdoğan ziunganishwe bila kumwomba mtu. Bozdoğan, ya joto na ya karibu, ilipiga shabaha yake ya kwanza ikitokea kwenye F-16 Aprili 2021. Na Novemba 2024 Güler alipotangaza kwamba Uturuki haitanunua tena vifaa 79 vya Kimarekani vya kuboresha F-16, hoja yake ilikuwa kwamba kiwanda chao cha TUSAŞ kinaweza kuifanya kazi hiyo. Ndege isiyo na rubani ya Kızılelma haina kikwazo hiki tangu mwanzo, kwa kuwa kompyuta na kombora vyote ni vya nyumbani.

Kwa hiyo Typhoon za Oman zitaruka na silaha ambazo programu yake inazijua tayari, za Ulaya na Marekani. Katika mazoezi ya Konya hilo halitazuia kitu, kwa sababu kombora la pale ni la jedwali tu.

Kitakachozisumbua mapema zaidi ni kujazwa mafuta zikiwa angani, jambo ambalo sijaona likisemwa sana. Uturuki ina ndege saba za kujazia aina ya KC-135R pale Incirlik. Hizo hujaza kwa bomba gumu linaloongozwa na mtu mkiani, na kuingizwa kwenye tundu mgongoni mwa F-16. Typhoon haina tundu hilo. Ina mkono unaochomoza puani kutafuta kikapu mwishoni mwa bomba laini la mpira. KC-135 inaweza kufungwa kipande cha mpira na kikapu kwenye ncha ya bomba lake, lakini hufungwa ardhini, na safari hiyo haiwezi tena kuijaza F-16. Kipande hicho ni kifupi na kigumu, na kinachukiwa na marubani kwa jinsi kinavyoweza kuuvunja mkono wa ndege. Mpangaji wa mazoezi atakayechanganya F-16 na Typhoon siku moja itabidi aamue tangu asubuhi kila ndege ya mafuta inamhudumia nani, au atafute ya pili yenye mipira mabawani. Akisahau, Typhoon zake zitarudi nyumbani mapema zikiwa hai, na makombora yote ya hesabu bado yako chini ya mabawa.